Kamera ya Kesho Haina Skrini

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimetabiri. Nimeandika kwenye kundi letu la wapiga picha, hadharani, kwamba ile kamera ya kidirisha inayosubiriwa na wenye pesa zao itatoka bila skrini nyuma. Unachungulia kidirishani, kile kitundu cha kioo juu ya kamera, unaoanisha vivuli viwili vya unachokipiga mpaka viwe kimoja, unabofya, unaamini. Hakuna kukagua.

Betri amenijibu kinyume. Betri ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, fundi simu. Anasema kidirisha ndicho kitakachokufa, mahali pake iwekwe skrini ndogo ili mpiga picha aone kile lenzi inachokiona. Kundi zima limemwekea dole gumba. Mimi nimepata moja, nalo ni langu.

Jumanne, 4 Machi
Wazo limenijia nikipiga mswaki. Mtabiri asiyeishi utabiri wake ni mpiga porojo tu. Na mjomba anayo kamera ya aina hiyo, toleo la zamani, anayoitunza kuliko wakwe zake.

Nimemwomba aniazime kwa ajili ya Ijumaa. Mama anastaafu kiwandani, na anachotaka ni picha moja tu, yeye na cherehani yake, aliyoitumia kushonea tangu mimi sijazaliwa. Jumamosi mashine zote kuukuu zinaondolewa. Mjomba alisita, akasema hata Betri angeweza kupiga kwa simu. Nikamwambia dada yake hastahili picha ya simu. Akalainika, akanipa.

Jumatano, 5 Machi
Nimebandika tepu nyeusi ya mafundi umeme juu ya skrini yote. Sasa ninayo kamera ya kesho. Nimezunguka nayo sebuleni, najisikia mtu. Dada yangu kauliza nitajuaje kama picha imetoka. Nimemwambia hilo swali ni la kizamani.

Ijumaa, 7 Machi
Kiwandani. Mama alivaa gauni la bluu alilojishonea mwenyewe kwa siku hii. Nimepiga kwa utulivu wa mtu anayeona mbele. Mama anatunga uzi. Mama anaipapasa cherehani. Mama anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kidirishani kila kitu kilikuwa maridadi.

Betri naye alikuja na simu yake. Kapiga mara moja, kanitazama, kacheka, akataka kusema kitu. Nikamnyamazisha kwa mkono. Wivu ni ugonjwa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimebandua tepu mbele ya mama, mjomba na dada. Picha ya kwanza, nyeusi. Ya pili, nyeusi. Zote, nyeusi tii.

Mjomba alinyoosha kidole tu. Kifuniko kilikuwa kwenye lenzi. Hakikutoka hata mara moja. Kamera hizi huchungulii kupitia lenzi, kidirisha kiko pembeni, nacho kilikuwa kinanionyesha dunia nzima huku lenzi imefungwa gizani. Skrini ingenisuta palepale, ila niliiziba mwenyewe.

Mama hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliuliza taratibu, sasa nitampiga picha lini, akistaafu tena? Kisha akaenda kukunja gauni lake. Nimeona aibu mpaka nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumapili, 9 Machi
Aibu yangu imetiwa fremu. Betri kasafisha ile picha yake moja na mama kaitundika juu ya redio. Mama anacheka kwenye cherehani. Pembeni nipo mimi, jicho moja nimelifumba, kamera usoni, kifuniko kinaonekana kwenye lenzi kama sahani. Kiwiko changu kimeziba nusu ya cherehani.

Jirani aliyekuja kuazima ngazi kaitazama sana, akaniuliza kama naumwa jicho. Betri anasema alitaka kunishtua nikamwinulia mkono. Ni kweli, na ndiyo maana inauma.

Jumatatu, 10 Machi
Kamera mpya imetangazwa. Skrini ipo nyuma, tena kubwa. Kidirisha kimeondolewa, mahali pake kuna skrini ndogo inayoonyesha kile lenzi inachokiona. Kama Betri alivyosema, neno kwa neno. Kundi limenitumia picha za vifuniko kutwa: vya sufuria, vya chupa, vya choo. Nimezima simu.

Jumanne, 11 Machi
Mlinzi wa kiwanda kampigia mama. Lori lilikwama, cherehani bado iko stoo, inaondoka kesho. Mama kasema twende asubuhi nikampige picha. Mimi, si Betri. Dada alipoguna, mama akamjibu kwamba mtoto akikunyea mkononi, mkono huukati.

Mjomba katoa kamera tena. Kahakikisha tepu haipo, kifuniko kakitia mfukoni mwake. Sikuweza kumtazama usoni. Nimeapa mbele yao wote kwamba nimejifunza.

Na nimejifunza kweli. Kosa langu lilikuwa nini hasa? Nilikiamini kidirisha. Ndicho kilichonidanganya, na watengenezaji wenyewe wamekifuta. Ila hawajafika mbali. Kamera itakayofuata hii haitachunguliwa kabisa. Utaishika kifuani, utapiga kwa hisia. Hilo hata Betri hajaliona.

Tepu ilikuwa imebaki kidogo. Imetosha kidirisha, na kwa kipande kilichozidi nimeziba skrini, isije ikanishawishi. Mama ameshalipiga pasi gauni lake la bluu.