Handaki na Chumba chenye Dirisha

Jumatatu, 3 Juni

Mkuu wa Mitambo amestaafu. Kaondoka na kikombe chake, chumba kakiacha wazi. Kina dirisha. Mimi mwaka wa sita huu nakaa kwenye kichumba cha nyaya, kinachopakana na choo.

Asubuhi Mkurugenzi katuita. Kiwanda chetu cha magodoro kina mitandao miwili ya kompyuta, mmoja hapa ofisini, mwingine bohari, ng'ambo ya mji, na haijuani. Anataka iunganishwe kwa VPN. Yaani handaki la siri ndani ya intaneti ya watu wote, kila kinachopita humo kimefungwa kwa fumbo, mdakuzi akikidaka asiambulie kitu. Ijumaa anataka abonyeze mwenyewe hapa, karatasi itoke kwenye printa ya bohari. Atakayefanikisha ndiye Mkuu mpya.

Tuko wawili tu. Mimi wa ofisini, na fundi wa bohari, dada mmoja tunayemwita Taratibu, na jina limemkaa. Nikasema kazi yenyewe ni ndogo. Taratibu akasema angependa kwanza kujua ofisini tunatumia anwani zipi, zile namba za kuitambulisha kila kompyuta na printa. Nikamjibu hilo ni suala la usalama. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa. Nadhani nilimpendeza.

Jumanne, 4 Juni

Nimepima dirisha. Mke wangu ni fundi cherehani, nikampa vipimo vya pazia. Akauliza kama chumba nimeshapewa. Nikasema ni kama nimepewa. Akasema hajawahi kushona pazia la "ni kama", lakini akakata kitambaa.

Kumbe kamwambia mama yake. Jioni mama mkwe akapiga simu kunipongeza. Kaniita mwanangu. Tangu nimuoe bintiye mimi kwake ni "yule". Nilifurahi sana. Sasa chumba hiki lazima nikipate, sina pa kurudi nyuma.

Mpango wangu ni huu. Taratibu hawezi kunipita kama handaki nitalichimba pande zote mbili peke yangu. Mchana, yeye akiwa kapeleka mtoto kliniki, nikaenda bohari na ruta mpya mkobani, kile kisanduku cha kuelekeza mtandao. Mlinzi nikamwambia nimekuja kukagua vumbi. Nikafunga kila kitu, nywila naijua mimi tu. Halafu bahati iliyoje! Anwani za bohari zinaanza na 192.168.1, sawasawa na zetu, zile zile zinazokuja na ruta kutoka dukani. Hata printa yao ina namba moja na printa iliyo kwa katibu muhtasi wa Mkurugenzi. Vitu vinavyofanana kuviunganisha ni rahisi. Sikubadilisha namba hata moja.

Jumatano, 5 Juni

Taa ya kijani! Handaki limesimama. Nikaiita printa ya bohari kutoka mezani kwangu, ikaitika papo hapo, utadhani iko chumba cha pili.

Taratibu akapiga simu. Mlinzi kamsimulia habari ya vumbi. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniudhi kwake. Akaniomba tena, kaka, niambie tu anwani zenu, zisije zikagongana na zetu. Nikamwambia zinazogongana ni gari. Akasema haya.

Kabla ya kutoka nikaona nijaribu printa, na papo hapo nimpe mwenzangu salamu. Nikaandika: "Dada, usijisumbue tena. Nafasi imeshapata mwenyewe. Anza kuzoea." Jina sikuweka, atajua. Nikabonyeza. Kompyuta ikasema imefika. Nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Alhamisi, 6 Juni

Katibu muhtasi analia. Mama mtu mzima, yupo hapa tangu kiwanda kinashona magodoro kwa mkono. Ndiye pekee anayenisalimia nikitoka kwenye kichumba changu. Nikamletea maji. Akasema kuna mtu anamfukuzisha kazi. Nikasema mwenye roho hiyo Mungu amuone. Ndipo akanionyesha karatasi aliyoikuta kwenye printa yake.

Aibu ilinipanda, kweli kabisa, masikio yakawaka. Nilitaka kumwambia. Nikamwambia nina kikao.

Sasa karatasi ya bohari imefikaje pale? Nimefikiri siku nzima na jibu ni moja. Taratibu kaipokea kule, kaona uchungu, kairudisha huku kwa hila ili anichafue. Kikulacho ki nguoni mwako. Na mtoto eti kliniki.

Nikamweleza mke wangu. Akasimamisha cherehani. Akasema huyo dada tangu Jumatatu kakuuliza swali moja tu, kuuliza si ujinga, na wewe ungelijibu ungepungukiwa nini? Nikamwambia ashone.

Ijumaa, 7 Juni

Siku yenyewe. Nilivaa koti la harusi. Mkurugenzi, mhasibu, katibu muhtasi mwenye macho bado mekundu, wote mezani. Taratibu yuko bohari, simuni, anasubiri karatasi.

Nikaeleza habari ya fumbo, nikaeleza habari ya mdakuzi. Mkurugenzi akachagua orodha ya magodoro, akabonyeza. Printa ya katibu muhtasi, hapo hapo nyuma yetu, ikakohoa na kuitoa orodha.

Mkurugenzi akamuuliza Taratibu kama amepata kitu. Akasema hajapata kitu tangu juzi. Mkurugenzi akabonyeza tena. Ikatoka hapo hapo tena. Nikasema angalau ni ya haraka.

Taratibu akauliza kwa upole, je, anwani za ofisini zinaanza na 192.168.1? Wote wakanigeukia. Nikakiri. Akasema basi hata za bohari ni hizo. Ukiwa na barua ya nyumba namba saba, na mtaani kwako pia ipo namba saba, barua itavuka mji kwenda kufanya nini? Itaishia kwa jirani. Akaomba nywila, nami nikaitaja mbele ya watu wote. Ni jina la mama mkwe.

Akabadilisha namba za bohari, kule zikawa 192.168.2, akaliambia handaki. Wakati sisi tunakunywa chai Mkurugenzi akabonyeza mara ya tatu. Taratibu akasema karatasi anayo mkononi.

Hapo katibu muhtasi akanitazama. Akaitazama printa yake. Akanitazama tena, polepole, kuanzia viatu. Akatoa ile karatasi kwenye pochi, akaiweka mezani mbele yangu. Heri angenitukana.

Jumatatu, 10 Juni

Chumba kapewa Taratibu. Mimi nahamia bohari kushika nafasi yake. Nilimwomba katibu muhtasi radhi. Akasema amesikia. Hajasema amesamehe.

Mama mkwe alipiga simu. Akamuuliza binti yake, "yule" yuko? Nilijifanya nimelala.

Jumatano, 12 Juni

Bohari si pabaya. Pananuka sponji mpya. Chumba changu hakina dirisha, lakini pazia limeshashonwa, nikalitundika ukutani. Ukilitazama ukiwa umekaa, hujui nyuma yake kuna nini. Mlinzi kaniuliza nimekuja tena kukagua vumbi?

Habari njema. Kiwanda kinafungua duka, na duka nalo linaunganishwa kwa handaki. Nimepewa kazi hiyo mimi, peke yangu! Nikifanikiwa, nani ajuaye atakayepewa chumba chenye dirisha kule dukani?

Taratibu kapiga simu mara mbili, kama kawaida yake. Anataka kujua duka nitalipatia anwani zipi. Ukuu wenyewe una siku mbili na tayari anataka kunipokonya sifa. Nikamwambia hilo ni suala la usalama. Mambo yote nimeshayapanga. Duka nimelipatia 192.168.1, zile zile za ofisini, namba ninazozijua, mkono wenyewe unaziandika.

Onyesho ni Ijumaa. Mama mkwe nimempigia simu mwenyewe, asije akapata habari njema kwa watu.