Kipeuo cha Mia Mbili

Jumatatu, 5 Oktoba 1998
Shirika linatafuta mtu wa ordinatere (kompyuta). Mmoja tu! Kazi: kuwapimia waliokimbia vita viwanja vya mraba. Unaingiza eneo, tuseme mita za mraba mia mbili, programu inatoa kipeuo chake, ndio urefu wa upande. Tuko wawili, mimi na Emile. Programu yangu inakisia, inasahihisha, inarudia, mpaka upande mara upande iwe mia mbili kamili. Kamili! Mimi si mtu wa takribani.

Jumanne, 6 Oktoba
Aibu. Programu ilizunguka dakika arobaini bila kusimama, Maman Godelive, mkuu wetu, akitazama. Emile akanieleza kwa upole (upole wake unanichoma) kwamba mashine inakata tarakimu za mwisho, kwa hiyo mia mbili kamili huenda isifike kamwe. Nisimamishe tofauti ikiwa ndogo. “Ndugu yangu, karibu sana inatosha.” Kesho asubuhi anaonyesha yake, kisha anapanda lori la kwenda Mudaka, kwao, kumchukua mama yake. Disketi yake yenye programu ilikuwa mezani. Niliitia ndani ya soksi.

Jumatano, 7 Oktoba
Emile alitafuta kila mahali. Nilimsaidia, hadi chini ya kabati! Lori likaondoka bila yeye. Akaandika upya yote kwa kichwa, akamaliza saa kumi. Maman Godelive alipiga makofi. Mimi pia, kidogo.

Alhamisi, 8 Oktoba
Emile ametoka kwa miguu asubuhi kumfuata mama yake. Lori la jana limerudi salama.

Jumamosi, 10 Oktoba
Wauza mihogo wameleta habari. Watu wenye bunduki walikuwa njiani Alhamisi. Emile aliangukia karibu na kwao. Mama yake alisikia risasi. Nilikwenda kwa Domitille, mjane wake, nimwambie yote. Kabla sijafungua kinywa akanishika mikono. “Aksanti, tonton, mjomba wetu. Emile aliniambia ulimusaidia sana kutafuta.” Nililia naye. Nililia kweli.

Jumanne, 13 Oktoba
Kazi nimepewa. Programu ni ya Emile, jina la juu ni langu. Familia kumi na moja zimepimiwa leo. Lakini Maman Godelive ameleta mwingine wa kujaribiwa kwa kazi hiyo hiyo, Séraphine wa Nyangezi. Eti programu yake ni fupi na ya haraka zaidi! Nimemchunguza. Akienda kunywa chai, mkoba wake anauacha kitini, wazi.