Chupa Isiyosema

Jumatatu, 10 Desemba 1956

Nimekasirika. Ninaandika hivyo kwanza, nisije nikasahau.

Matokeo ya mtihani wa darasa la nane yametoka. Nimefaulu! Nilikuwa na furaha kwa muda wa dakika mbili, kisha Beatrisi naye akasomewa jina lake. Amefaulu. Beatrisi, aliyelala na kitabu cha hesabu usoni muhula mzima!

Beatrisi ni binti wa shangazi yangu wa Muheza. Anakaa kwetu Ngamiani kwa ajili ya shule. Sasa sote wawili tumepata nafasi ya darasa la tisa katika shule moja ya bweni, mbali, kule milimani. Ada yake haiwezekani kwa mshahara wa Baba, ambaye ni karani wa bandarini. Mwenye uwezo ni Baba Mkubwa Methusela, kaka yake Baba, mwenye shamba la kahawa kule Soni. Ameandika barua. Atafika Jumamosi kwa gari la moshi. Atatutazama, kisha atamlipia mmoja. Mmoja! Kama mtu anayechagua beberu mnadani.

Nilimwambia Mama kwamba jambo hili halina mjadala. Mimi ni mwana, namwita Baba Mkubwa. Beatrisi ni mpwa tu, anamwita mjomba. Mama akasema kwetu milimani mjomba akimnyima mpwa wake watu humsema mpaka anazikwa. Akasema pia ningekuwa nafagia kama mwenzangu, badala ya kupanga ukoo. Nikachungulia uani. Kweli alikuwa anafagia. Siku tano kabla!

Wakati wa chakula Baba alisimulia tena habari ya harusi ya Soni. Baba Mkubwa ni mzee wa kanisa. Pombe yetu ya miwa, boha, aliiacha siku aliyobatizwa. Lakini katika harusi ya mtoto wa mchungaji, mgeni mmoja wa Kizungu alimmiminia divai, ambayo Baba Mkubwa anashikilia kuwa Maandiko yameiruhusu, kidogo, kwa ajili ya tumbo. Tangu siku hiyo ni miaka minne anasema: atakayeniletea divai kama ile, sina cha kumnyima.

Sina cha kumnyima! Wote walicheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda kutazama kopo langu. Shilingi sita, za vitambaa vya meza nilivyotarizi. Mwalimu Praxeda, anayetufundisha maarifa ya nyumbani, husema kitu kizuri na rahisi kipo, ila kimejificha. Uliza mahali patatu kabla hujafungua mkono. Nitauliza mahali patatu.


Jumanne, 11 Desemba

Mahali pa kwanza: duka la Mgoa karibu na stesheni. Nilisalimu. Nikaeleza kwa adabu kwamba natafuta divai nzuri, ya mzee wa kanisa mwenye tumbo, kwa shilingi sita. Akamwita mkewe atoke nyuma aje asikie. Nikaeleza tena. Walicheka mpaka mkewe akashika kaunta.

"Binti," akasema Mgoa, "divai nzuri na shilingi sita hawajapata kusalimiana hata siku moja."

Niende nikalete barua ya baba yangu na shilingi kumi na nane. Nikamwambia mwalimu wangu amefundisha kwamba kizuri na rahisi kipo. Akasema nimlete huyo mwalimu, atampa kazi ya ununuzi. Nimetoka bila kuaga. Ndiyo, bila kuaga! Na sijuti.

Mahali pa pili: kwa Bi Shariffa, mwenye nyumba wetu, anayekaa upande wa pili wa ua. Babu zake walitoka Omani na minazi yao inafika hadi Pangani. Nilifikiri mwenye mali hujua vitu vya thamani. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilimpa shikamoo nzuri, akaitikia marahaba, kisha nikamwuliza habari ya divai.

Akaweka kikombe chake cha kahawa chini, polepole. "Mwanangu," akasema, "marahaba nimeshaitoa. Laiti ningeweza kuirudisha."

Akaleta astaghfirullah tatu. Akauliza kama nimepotea nyumba au nimepotea akili. Nikamweleza habari ya ada. Akatulia. Akasema yeye mwenyewe atamtengenezea mzee sharubati ya zabibu, ya bure, kwa ajili ya elimu ya mtoto wa kike. Nikashukuru, nikakataa. Mzee hakuahidi chochote kwa ajili ya sharubati. Akaniita mwana mkaidi, na Mama alisikia.

Nyumbani nilimkuta Beatrisi anatarizi foronya. KARIBU MJOMBA. Kwa uzi mwekundu. Uzi wangu!


Jumatano, 12 Desemba

Mahali pa tatu: Asheri. Huyu tunasali naye kanisa moja. Ni mpishi wa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge, njia ya Pangani. Nilikwenda kwa miguu. Viatu vya shule vimenitoa malengelenge mawili. Beatrisi aliyaona, akasema pole. Alikuwa anatabasamu ndani kwa ndani.

Kumbe kila Desemba bwana wake humpa Asheri chupa moja ya divai, ile anayokunywa yeye mwenyewe. Na kumbe Asheri aliapa mbele ya mkewe na mchungaji kwamba hatagusa tena kileo. Kwa hiyo chupa hukaa chini ya kitanda, na mkewe huzikagua. Mkewe ndiye aliyetaja shilingi tano, upesi, kabla mumewe hajafungua mdomo.

Nimepata! Mgoa na acheke sasa!

Asheri aling'oa kizibo ili nionje tone moja, kwa ajili ya uchunguzi tu. Chungu. Kali. Inanuka vanishi ya madawati mapya. Asheri akasema Wagiriki kwao hutia utomvu wa msonobari kwa makusudi, na uso ukikunjamana ujue ni yenyewe. Sikupenda alivyosema hivyo. Ni watu gani wanaotia gundi ya mti katika kinywaji kwa makusudi?


Alhamisi, 13 Desemba

Nimeibiwa!

Asubuhi nilimwuliza Baba, kwa mbali, wazee wa kwetu hutambuaje kinywaji kizuri. Akafurahi kuulizwa. Akasema boha huletwa katika kibuyu, na mzee haweki mdomo kabla ya kuweka sikio. Boha nzuri husema. Hunong'ona ndani, kwa kuwa iko hai. Iliyonyamaza imekufa, na mgeni anayepewa kinywaji kilichokufa ametukanwa. Huinuka akaenda zake. Baba Mkubwa, akasema, katika ujana wake alivunja posa nzima kwa sababu ya kibuyu kilichonyamaza. Na ingawa boha ameiacha, sikio hajaliacha. Hata chai huisikiliza.

Nikaenda chumbani. Nikaweka sikio kwenye chupa. Kimya. Nikaitikisa. Kimya kabisa!

Nikarudi kwa Asheri, na malengelenge yangu yote. Nikamwambia ameniuzia maiti. Akasema divai ya Kigiriki haisemi. Nikamwuliza, kwani ni bubu? Akasema ni divai, si kasuku, nimpelekee mzee kama ilivyo, nikalale. Nikadai shilingi zangu tano. Mkewe akatokea na mwiko. Nikarudi nyumbani.

Njia nzima nilifikiri. Hasira hunisaidia kufikiri. Kitu kilichokufa kwa kukosa uhai kitiwe uhai. Mama ana hamira ya mandazi. Nimetia vijiko viwili, kikombe cha sukari, na maji ya vuguvugu. Ili vyote vienee nilimwaga robo ya divai kwenye shina la mpapai. Kizibo nimekipigilia kwa mchi. Juu yake nimefunga kamba ya katani, kwa lile fundo la mizigo alilonifundisha Baba. Chupa iko nyuma ya jiko, penye joto.

Mwalimu Praxeda angejivuna.


Ijumaa, 14 Desemba

INASEMA!

Nimeweka sikio mara kumi. Alfajiri ilinong'ona. Saa nne ilizungumza. Sasa inanguruma. Bi Shariffa ameuliza kutoka upande wake wa ua kama tumefungia paka ndani ya debe.

Beatrisi naye akauliza ni kitu gani hicho jikoni. Nikamwambia ni wivu wake. Hakukasirika, na hilo ndilo linalonikasirisha. Akainama, akaitazama chupa, akasema mama yake kule Muheza huziba kibuyu kwa jani la mgomba, si kwa kamba ya meli, ili kinywaji kipate pumzi. Afadhali nilegeze kidogo.

Nilegeze! Ili ife tena kabla ya kesho! Namfahamu huyu. Foronya yake ameimaliza, ameipiga pasi, sasa anataka kuniulia divai.

Nimeongeza kamba ya pili.


Jumamosi, 15 Desemba

Nitaandika yote, kwa mpangilio, ingawa nina hasira.

Baba Mkubwa alifika mchana. Koti jeupe, lile alilovaa siku ya kuzindua kanisa. Shikamoo, marahaba, habari za kahawa, habari za mvua. Akakaa. Akatuita. Akauliza kila mmoja atafanya nini na elimu yake. Beatrisi akasema uuguzi, kwa sauti ambayo haikufika hata mlangoni. Mimi nikasema ualimu, wazi, kama tulivyofundishwa kusimama na kusema. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha nikaleta chupa.

Aliishika kwa mikono miwili, akaweka sikio.

"Inasema," akanong'ona, akimgeukia Baba. "Kristofa! Inasema, tena inagombana!"

Baba alinitazama jinsi asivyopata kunitazama tangu nizaliwe. Baba Mkubwa akatoa barua ya shule mfukoni, yenye nafasi ya jina. Akaiweka mezani. Akafungua kalamu ya wino. Akaandika herufi moja. A, ya jina langu! Niliiona kwa macho yangu! Kisha akaiweka kalamu, akasema mtu haandiki vizuri na koo kavu, akaomba kisu.

Akakata kamba ya kwanza. Akakata ya pili.

Sijui niandikeje mlio ule. Kizibo kilivunja kioo cha taa ya chemli. Kilichobaki kilikuja chote, kwa mkupuo, povu na sukari na hamira. Koti. Ndevu. Dari. Barua. Barua yangu! Herufi yangu ilielea mbele ya macho yangu, ikawa doa.

Kutoka upande wa pili wa ua tukamsikia Bi Shariffa: "Nilisema sharubati!"

Baba Mkubwa akapitisha ulimi kwenye masharubu. Akafikiri. Akaupitisha tena.

"Ni hii," akasema. "Chini ya ujinga wote huu, ni hii. Ndiyo ile ile ya Soni."

Vanishi! Gundi ya mti! Ndiyo ile ile!

Akaniuliza nani ameifanya bunduki. Nikasema mimi. Akauliza ilikuwaje kabla. Nikasema ilikuwa imenyamaza, ndipo nikaifufua. Akasema ile ya Soni nayo ilikuwa imenyamaza, na kwamba maisha yake yote alisikiliza vibuyu kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Siku ile alishukuru kukutana na kinywaji ambacho mtu anaweza kukinywa bila kukipeleleza.

Mbona hakuna aliyeniambia? Baba alikuwa anaangalia miguu yake. Miaka minne anasimulia harusi ile, na jambo hili hakulijua!

Kumbe wakati wote huo Beatrisi alikuwa anampangusa mzee. Ndevu, shingo, vidole, kimoja kimoja. Kwa foronya. Baba Mkubwa akaikunjua, akaisoma. KARIBU MJOMBA. Maandishi na divai rangi moja. Akaomba karatasi nyingine.

Aliandika B. Hakupumzika mpaka alipofika mwisho wa jina.

Beatrisi alilia. Yeye ndiye aliyelia! Kisha akanishika mkono chini ya meza na akaukaza. Nimeuacha pale kwa sababu nilikuwa nimechoka.


Jumatatu, 17 Desemba

Leo nimembebea Baba Mkubwa mzigo mpaka stesheni. Sikutaka. Baba aliniamuru.

Kabla ya kupanda aliniita kando; jana alinitaka nimsimulie yote, mpaka habari ya Asheri. Akasema binti anayetafuta mahali patatu kwa ajili ya shule hapaswi kukaa nyumbani, hata kama ni hatari. Kahawa ikikubali, Pasaka atakuja na ada ya pili, na atawaomba wakuu wa shule wanipokee katikati ya mwaka. Lakini ana sharti. Akanitia shilingi tano mkononi. Nimnunulie ile ile, kwa yule yule, nimwekee mpaka Pasaka. "Usiiguse," akasema. "Nikiikuta kama ilivyotoka kwa mpishi, nitajua unaweza kufundishwa." Gari likapiga honi.

Nilikwenda kwa Asheri moja kwa moja. Mkewe alinitolea chupa ya mwaka jana, akanifungia mlango kabla sijashukuru.

Sasa ninayo hapa mbele yangu. Nimetafakari maneno ya Baba Mkubwa kwa utulivu mkubwa. Ni dhahiri alikuwa anazungumzia hamira. Hamira ilikuwa kosa, nakiri, sitatia hamira tena maisha yangu yote. Lakini kumletea mtu chupa kama ilivyo, hata Beatrisi angeweza! Mtu anayetaka darasa la tisa lazima aonyeshe bidii. Na ile harufu ya vanishi bado ipo. Mzee ameivumilia kwa adabu tu.

Nimeng'oa kizibo. Nimeanza na karafuu saba na kipande cha mdalasini. Mpaka Pasaka zitakuwa zimekolea vizuri sana.