Mto Nyabusela Umefufuka, Mchicha Ung'olewe

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Mwanza kwamba Mto Nyabusela, uliofariki kwa kujazwa takataka, umefufuliwa rasmi kuanzia Jumatatu saa tatu asubuhi. Maji bado yalikuwa meusi tii, lakini hilo lilikuwa suala la utekelezaji. Bwana Ndalahwa, Mratibu wa Kitengo cha Ufufuaji wa Mito, alishughulikia matamko tu.

Msidhani ilikuwa kazi ya mchezo, jamani. Vikao kumi na vinne! Katika kikao cha mwisho Ndalahwa alisaini barua mbili kwa mpigo. Ya kwanza ilitangaza kuwa maji ya mto ni safi na salama. Ya pili ilimwamuru Tereza, mkulima wa mchicha pale ukingoni, ang'oe bustani yake yote ndani ya siku tatu, kwa kuwa anaimwagilia maji yenye sumu.

Siku ya sherehe, mgeni rasmi alikuwa Mama Hellen, bosi wa Ndalahwa. Maturubai yamefungwa, muziki unadunda, na harufu ya mto nayo imehudhuria. Mara Tereza akajitokeza mbele, barua zote mbili mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Bustani hii ndiyo inayolisha wanangu wanne. Barua hii inasema maji ni salama. Hii nyingine inasema ni sumu. Muhuri mmoja, tarehe moja. Nitii ipi?"

Ndalahwa akapiga hesabu harakaharaka. Akisema sumu, ufufuo umekufa, na cheo chake kinaufuata kaburini. Akanyakua kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, barua ya pili ni batili! Mchicha huu ni salama kabisa!"

Vigelegele vikapigwa. Tereza akakaa palepale kwenye nyasi, akalia kwa furaha.

"Safi sana," akasema Mama Hellen. "Basi kuanzia kesho kitengo chote mtakula mchicha huo kila siku ofisini, wananchi waone mfano. Ndalahwa, wewe ndiye utakuwa unaonja kwanza."

Kesho yake asubuhi na mapema, wapita njia walisimama darajani, midomo wazi. Ndalahwa alikuwa katikati ya mto, gambuti zimemfika magotini, anazoa taka kwa beleshi. Hakukuwa na kikao wala posho.

"Bosi, kulikoni tena?" mmoja akamuuliza.

"Hebu niacheni," akajibu bila kuinua kichwa. "Saa saba tunakula."