Piano Tatu kwa Ajili ya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi anatimiza miaka themanini Jumamosi. Ndiye aliyenifundisha piano, kwenye piano yake kubwa nyeusi, kabla hajahamia chumba ambacho hata kitanda kiliingia kwa kubembelezwa. Piano ikaenda kwa watu. Familia imeniomba nimpigie wimbo mmoja. Mimi nimeamua kumrudishia piano yenyewe. Siku hizi kuna programu: unachomeka kinanda kwenye kompyuta, kinatoa sauti ya piano kubwa ya ukumbini, iliyorekodiwa noti kwa noti. Nimepata tatu za kujaribu bure. Kuchagua ni kazi ya saa moja. Tuseme mbili.

Jumanne, 4 Machi
Saa sita zimekwisha. Ya kwanza ina sauti nzito, tamu, kama mtu anayezungumza akiwa ameshiba. Ya pili inang'aa, kila noti imepigwa pasi. Ya tatu bado inapakuliwa. Nilikuwa nimeegemea ya pili. Kisha akapiga simu Bwana Pedali, mpiga kinanda wa kwaya ya jirani, ambaye naye amealikwa Jumamosi (sijui na nani). Akasema yeye hutumia hiyo hiyo ya pili, na ananipendekezea kwa moyo wote.
Basi. Ya pili nimeifuta.

Jumatano, 5 Machi
Ya tatu inataka nafasi kubwa kuliko kabati la mke wangu. Nikahamishia picha za familia kwenye flashi iliyokuwa mezani. Mke wangu akauliza flashi ipi. Ile nyekundu. Akasema hiyo ni ya kazini kwake, na ameirudisha mchana. Kwa hiyo ofisi nzima inamiliki picha yangu nimevaa kofia ya kuogea.
Lakini sauti yake. Ukikanyaga pedali unasikia mbao zikilalamika. Hata kiti kinalia. Mke wangu akasema kiti chetu nacho kinalia, tena bila kompyuta.

Alhamisi, 6 Machi
Jaribio la kisayansi. Nikawaketisha mke wangu na mama mkwe, migongo kwangu, nikapiga wimbo ule ule kwanza kwa programu moja, kisha kwa nyingine. Siri yangu: ya tatu niliiongezea sauti kidogo ili ishinde. Mama mkwe akachagua ya kwanza. Nikarudia, nikaongeza zaidi. Akachagua ya kwanza tena, akauliza kama humu ndani kuna mgonjwa wa masikio.
Mke wangu akauliza, kwa upole, wimbo wenyewe nitaufanyia mazoezi lini. Nikamwambia kila jambo na wakati wake.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nimechagua ya kwanza. Saa nne, ya tatu. Mchana nikaziunganisha, noti za chini kutoka hii, za juu kutoka ile. Zikasikika kama wake wenza. Jioni nikairudisha ya pili kwa siri. Inapendeza mno. Mke wangu akaingia, nikafunga kompyuta kama mtu aliyefumaniwa.

Jumamosi, 8 Machi
Sebule ya dada yangu imejaa. Shangazi mbele, mikono imelala mapajani. Vidole vimekakamaa, hapigi tena mwaka wa sita huu. Nikawasha kompyuta. Ikaanza kujisasisha. Dakika kumi, asilimia tano. Watu wakakohoa. Bwana Pedali akainuka, nikajua anakuja kunicheka. Akainama, akachomoa waya. Akaninong'oneza kwamba kinanda kina sauti yake chenyewe, nipige tu, bibi anasubiri.
Ile sauti ya bati kiliyokuja nayo kutoka dukani. Nikapiga. Nikakosea mara nne. Katikati nikaona vidole vya Shangazi vinasogea mapajani, vinanitangulia kidogo, kuniongoza.
Nilipomaliza macho yake yalikuwa yamelowa. Kisha akanishika mkono.
"Mwanangu, bado unakimbia penye huzuni."
Nikamwuliza ameionaje sauti ya piano. Akauliza piano ipi. Yeye alikuwa ananisikiliza mimi.

Jumapili, 9 Machi
Nimeyatafakari maneno ya Shangazi tangu asubuhi. Nimeyaelewa. Hakuisikia piano kabisa, maskini, kwa jinsi sauti ilivyokuwa dhaifu. Kosa ni langu. Nilijaribu tatu tu. Leo nimeigundua ya nne, imerekodiwa kwa maikrofoni kumi na nane.
Mke wangu amependekeza wiki hii nifanye mazoezi pale ninapokimbia. Wazo zuri sana. Nimemwahidi nitaanza mara tu nitakapojua ni kwa maikrofoni ipi.