Kamera Yangu Imemshika Mwizi wa Sufuria

Jamani, leo uso wangu sijui niuweke wapi. Nilikuwa nimeufunika kwa mto, mke wangu akaja kuuchukua mto. Ati wageni wataukalia. (Wageni gani? Ni wale wale walionicheka mchana, wamerudi kumalizia.)

Wengine mwajua habari ya kamera zangu. Nilinunua tatu za bei nafuu, nikazifunga nyumbani hapa Bondeni: moja mlangoni, moja ngazini, moja darini. Programu iliyokuja nazo kazi yake ilikuwa moja, kuonyesha kiduara kinachozunguka. Wataka kuona mlango? Kiduara. Wataka kuona dari? Kiduara. Nikashauriwa niachane nayo, niweke programu nyingine ya kurekodi, ya watu wengine kabisa, kwenye kompyuta yangu kuukuu.

Nikaweka. Ikaikubali kamera ya dari, ikaikataa ya mlango. Nikaibembeleza ikaikubali ya mlango, ikaitupa ya ngazi. Stima ikikatika ikarudi, modemu inazipa kamera anwani mpya, na programu inabaki kuzitafuta kwenye anwani za zamani, kama mtu apigaye hodi nyumba iliyohamwa. Na hizi kuta zetu za mawe, nene kama za ngome, intaneti haipenyi. Aliyerekodiwa vizuri ni paka peke yake. Yule paka ana video nyingi kuliko bwana harusi!

Jana alasiri uvumilivu ukanitoka. Nikatoka nje, nikakanyaga nilichokiona karibu, nikaichomoa kamera ya mlango na kuichomeka upya. Nikaingia ndani, nikafanya vivyo hivyo kwa ile ya ngazini. Halafu nikaketi kwenye kompyuta, nikaipa kila kamera anwani isiyobadilika. Zote tatu zikaonekana!

"Mwanaisha, ndoo uone!" nikamwita mke wangu.

Alipofika, mbili zilikuwa zimezima.

Leo asubuhi nikaamshwa na mayowe. Bi Zuhura, jirani yetu wa mlango wa pili, ni mpishi wa harusi. Sufuria lake kubwa la pilau, alilokuwa ameliacha barazani, halipo. Na pilau ni ya leo. Watu wa harusi wamsubiri.

Nikatoka. Kichochoro kimejaa. Katikati amesimama Mzee Charo, yule anayenunua vyuma chakavu, kofia mkononi, na vijana wameushika mkokoteni wake.

"Mimi nanunua, siibi," anasema. "Pekueni."

Wakapekua. Feni mbovu, vipande vya mabati, birika lisilo na mkono.

"Ameshaliuza!" mmoja akapaza sauti. Mwingine akamshika mzee wa watu shati.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu.

"Msimguse! Kamera yangu imeona kila kitu."

(Wallahi sijui ni nani aliyenituma.)

Bi Zuhura akanitazama kutoka juu hadi chini. "Salim, mashine yako siku hizi yaona?"

"Yaona, Bi Zuhura. Na sauti yachukua."

Sebule yangu ikafurika. Waliokosa viti wakasimama, waliokosa pa kusimama wakachungulia dirishani. Mzee Charo akaketishwa mbele kabisa, ajione vizuri. Nikaiunganisha kompyuta na televisheni kubwa, maana mambo yangu sipendi madogo.

Programu ikadai neno la siri. Nikaandika. Ikakataa. Nikaandika jingine. Ikafungua paka.

"Mwizi ni huyo?" mtu akauliza.

Nikafungua nyingine. Paka. Nyingine. Paka anajilamba. Mwishowe nikaipata ya jana alasiri, na picha ilikuwa safi ajabu, haijawahi kuwa safi vile tangu nizinunue!

Mtu ameinama kwenye baraza la Bi Zuhura, ametupa mgongo. Amevaa kikoi. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Picha ikaganda.

"Huyo! Huyo!" sebule nzima.

"Mwizi ana kipara," akasema Bi Zuhura.

Mkono wangu ukapanda kichwani wenyewe.

"Kikoi kile mbona nakijua?" akasema Mwanaisha polepole.

"Vikoi vyafanana," nikamjibu upesi.

Picha ikajikwamua. Mtu yule akavuta kitu kikubwa kilichofunikwa gunia. Akakiburura hadi chini ya kamera, akapanda juu yake, na uso ukajaa televisheni nzima. Uso wangu. Matundu ya pua na yote yaliyomo. Sauti nayo ikatoka bila kukwaruza:

"Haioni! Haioni kitu hii!"

Kisha nikajiona nikishuka, nikitazama huku na huku, na kukiburura kile kitu ndani ya nyumba yangu. Picha ikaganda hapo, makalio yangu yameenea kioo kizima, na programu ikakataa kufungika. Nikabonyeza. Ikakataa. Nikachomoa waya nikakosea, nikazima feni.

(Naapa nilidhani ni pipa la kufulia! Nilitaka kitu cha kufikia kamera ya ngazini!)

Mwanaisha akainuka akaenda ngazini. Tukasikia gunia likivutwa chini ya ngazi, halafu sauti ya sufuria kwenye sakafu.

"Hili hapa."

"Bi Zuhura," nikaanza, "nilikuwa narekebisha kamera..."

"Ili uniibie ukijiona?"

Watu walilia kwa kucheka. Kijana wa dirishani alianguka. Lakini mimi nilikuwa namtazama Mzee Charo, ambaye shati lake lilikuwa bado limekunjamana pale aliposhikwa. Nikamwendea, nikampa mkono, nikamwomba radhi mbele ya wote. Vijana wa mkokoteni nao wakaja mmoja mmoja, vichwa chini.

Akavaa kofia yake taratibu. "Nimesamehe, mwanangu. Na hizo kamera, ukichoka nazo, mimi nanunua kwa kilo."

Pilau ilipikwa, ikaliwa, ikasifiwa. Mimi sikwenda harusini. Kwa hivyo tafadhali, msicheke. Na atakayeshindwa kujizuia aje Bondeni sasa hivi na stilwaya yake ya kusugulia vyombo, maana sufuria limeletwa mlangoni kwangu likiwa na masizi ya kuni, na Bi Zuhura ameagiza alisugue aliyeliiba.