Mfuko wa Pete Getini

Hajazaliwa mjanja wa kunipiga chenga mimi. Yule aliyeniuzia saa isiyo na mashine ndani alikuwa amekwisha kuzaliwa, kwa hiyo hahesabiki.

Basi palikuwa na tapeli wakimwita Laini, kwa ulimi wake wa mafuta. Kazi yake ilikuwa kuokota. Anadondosha pete ya shaba iliyosuguliwa ikang'aa, anaiokota mbele ya mwenye tamaa, kisha kwa huruma zake anamwachia "dhahabu" hiyo kwa bei ya kutupa. Siku hiyo alibeba mfuko wa kitambaa umejaa pete, chupa ya dawa ya kung'arishia na mhuri wa sonara.

Kufika geti la soko, askari wanapekua mizigo. Laini akapunguza mwendo. Sheria aliijua kuliko sala zake: hata kama hujamlaghai mtu, kukutwa na zana za utapeli uliokusudia kuufanya ni kesi tosha. Lakini akaona jambo. Wanawake watu wazima walipita bila kuguswa, shikamoo tu, karibu mama.

Mbele yake alikuwa mama muuza mapazia, mtu wa heshima zake, sauti ya pole.

"Shikamoo, mama. Nishikie mfuko huu nifunge kamba za viatu."

"Marahaba, mwanangu. Lete."

Miguuni Laini alivaa ndala. Mama hakutazama miguu. Alikwisha kuchungulia mfuko, akaona pete zinang'aa.

Wakavuka salama. Laini akanyoosha mkono. "Ahsante, mama. Mfuko wangu."

"Mfuko gani?"

"Si huo!"

"Mwizi! Jamani, mwizi!" Ile sauti ya pole sijui ilikwenda wapi.

Askari wa kike akaja na rungu. "Mfuko wa nani?"

Laini akapima. Akiudai, jela. Akiuacha, mtaji umekwenda. Mtaji hutafutwa. "Wa kwake, afande. Huyu ni mama yangu mzazi, tunataniana tu."

Mama akapokea mtoto bila uchungu. "Kifungua mimba wangu huyo, mtundu! Na humo ni pete zangu za ndoa, kaniachia marehemu baba yake."

Askari akaumwaga mfuko mezani. Pete zikabiringika hadi chini.

"Alikuoa mara ngapi, mama? Na mhuri huu wa sonara, ndio uliofungisha ndoa?"

Mama akaruka kando. "Si zangu! Ni za huyu! Hata jina lake silijui!"

"Hata mimi simjui, afande," akadakia Laini. "Namwona leo tu, wallahi!"

"Mwanamume mzima unamkana mama aliyekuzaa, tena hadharani?"

"Nilidanganya, afande!"

"Ulidanganya kwa nini? Mfuko ungekuwa wake, ungehitaji kudanganya?"

Laini akafumbua mdomo. Ule ulimi wa mafuta ukakwama.

Kisha akaomba maji.